Baiskeli Ipi Ipande Lori

Gumbo, Jumapili, baada ya mvua

Poni binti yangu,

Umetoka na mama yako kwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, na nyumba imetulia kiasi kwamba nasikia maji yakidondoka kutoka kwenye mabati hadi ndani ya pipa. Baiskeli zote mbili zimeegemea ukuta mbele yangu. Jua la baada ya mvua limezipiga ubavuni na vivuli vyake vimechanganyika chini, mpaka sijui usukani upi ni wa ipi. Nimeivuta meza karibu na mlango nikuandikie kabla giza halijaingia.

Mambo ya sabuni na chandarua, nani umpigie simu ukivuka mpaka, na namna ya kuishi nyumbani kwa watu, mama yako ameyaandika yote kwenye karatasi aliyoibandika ndani ya kifuniko cha sanduku lako. Sitayarudia. Nina jambo moja tu, na limenichukua wiki nzima kupata pa kulianzia.

Unaikumbuka Jumanne jioni. Kiprono, mume wa shangazi yako, alikuwa ameegesha lori lake barabarani akaja kunywa chai. Akasema lori linarudi Eldoret tupu, wewe utakaa mbele pamoja naye, na baiskeli itafungwa nyuma. "Moja lakini," akasema. "Kibaraza chetu ni kidogo, na ile nafasi nyingine ni ya kuku." Tukacheka. Kisha wewe ukasema utachukua ile nyembamba, ya mbio, uliyoachiwa na mwalimu wako wa Kikenya alipomaliza mkataba wake akarudi kwao. Nami nikasema hapana, utachukua ya mlima, yangu, yenye matairi mapana.

Ukaniuliza kwa adabu, "Baba, kutoka kwa shangazi mpaka chuoni ni lami tupu. Matope nitayapata wapi?"

"Lami huisha."

"Inaishia wapi?"

"Utaona mwenyewe."

Mama yako akadakia kutoka jikoni, "Baba Poni, huyu mtoto anakwenda kusomea uuguzi au anakwenda kuvuka Kongo?"

Kiprono akaangua kicheko, nami nikakasirika, nikasema neno langu ni hilo hilo, kalas, yamekwisha. Ndipo ulipoinuka, ukakusanya vikombe, ukasema bila kupandisha sauti: "Mimi naenda shule, Baba. Sikimbii."

Tangu jioni ile unaniletea maji ya kunawa, unanisalimia, unacheka na mama yako, lakini baiskeli huitaji tena. Kesho asubuhi lori linaondoka. Sitaki uende huku neno langu lile likiwa ndilo la mwisho kati yetu, wala sitaki uende bila kujua lilitoka wapi.

Lilitoka mbali. Tuliporudi kutoka Uganda mara ya kwanza, wewe ukiwa hujaanza shule, nilipata kazi ya kutunza ghala la dawa mjini, ng'ambo ya daraja. Unanijua: sinunui hata ndoo bila kuipima. Niliazima baiskeli ya jirani, nikafunga kitambaa chekundu kwenye spoku moja ya gurudumu la mbele, nikaisukuma kwa miguu kutoka mlangoni petu mpaka mlango wa ghala, nikihesabu kila kitambaa kilipopita juu. Watu wa darajani walidhani nimechanganyikiwa. Jioni nikaandika kwenye shajara yangu kwamba njia ikigawanywa mara kumi, tisa ni lami. Hesabu ikanipa jibu, nami nikanunua baiskeli ya mbio ya mtumba kutoka Kampala, ya samawati, usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume.

Kiangazi kile kilikuwa kama usingizi mzuri. Nilikuwa nafika darajani kabla ya malori. Vyuma vya daraja vilitetemeka chini yangu, mto ulipita huko chini bila sauti, rangi ya chai ya maziwa, na visiwa vya majani vikielea kuelekea kaskazini polepole kama vina siku nzima ya kupoteza. Nilikanyaga mara moja na baiskeli ikaenda mwendo wa kukanyaga mara tatu. Sikusikia mnyororo wala pumzi yangu. Nimewahi kuota ninaruka, na ndoto ile haikupita baiskeli ile.

Kisha mvua ikanyesha, nikakutana na ile sehemu ya kumi niliyoidharau. Udongo mweusi wa Gumbo unaujua: hauishii kukuchafua, unakushika. Ulijaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Nikaibeba begani, shati la kazini likiwa limegeuka ramani. Wanawake waliokuwa kwenye pampu ya maji wakaniita, "Ya mzee! Leo nani amempanda mwenzake?" Ikawa hivyo msimu mzima. Nikajifunza kwamba njia haipimwi kwa urefu wake, kwa maana kipande kimoja kibaya kinaweza kuwa ndicho njia yenyewe. Nikaiuza ile ya samawati na kununua hii ya mlima unayoiona hapa, yenye matairi ya meno na springi za mbele, nzito kama mbuzi aliyegoma.

Ningeishia hapo, ningekuwa na haki ya kukushauri. Lakini somo lile nililipitiliza.

Miaka ile watu walianza kuzungumza kwa sauti za chini. Askari walizidi njiani, na kila Jumapili familia moja ilikosekana kanisani. Nami nikaanza kupima njia nyingine. Nikitoka kazini sikuja nyumbani moja kwa moja. Niliacha barabara na kuingia kwenye vijia vya wachoma makaa na wachunga ng'ombe, upande wetu wa mto, mpaka mkabala na Rejaf na kuendelea kusini, nikiandika wapi kuna kijito, wapi kuna miiba, wapi majani ni marefu kuficha mtu na baiskeli. Matairi mapana yalipita kote. Niliipenda baiskeli hii kwa sababu hiyo, kwamba haikuhitaji barabara, na mtu asiyehitaji barabara hakuna wa kumfungia njia. Kwenye shajara nikatenga ukurasa na kuupa kichwa: Siku ya Kuondoka. Nikaorodhesha vitu vya kubeba na kuandika masharti mawili: kutoka ndani ya saa moja, na kutopita barabara kuu.

Siku yenyewe wewe unaikumbuka kwa namna yako. Ulikuwa na miaka saba. Kule kambini Uganda mwalimu aliwapa insha, "Safari Niliyoipenda Kuliko Zote", nawe ukaandika hii. Mwalimu akaisoma mbele ya wazazi. Uliandika kwamba majani yalikuwa marefu kuliko kofia ya baba, kwamba yaligawanyika mbele ya usukani na kufungana nyuma yetu kama maji, na kwamba baba alikufunga mgongoni kwa kitenge usianguke ukisinzia, nawe ukasikia moyo wake ukipiga ukadhani ni injini ya baiskeli. Uliandika kwamba usiku nyota zilikuja karibu kwa sababu hapakuwa na taa za kuzitisha. Na uliandika: Mama alitutuma mbele, yeye akabaki kufunga nyumba. Wazazi walipiga makofi. Mama yako alipiga makofi kuliko wote.

Poni, mama yako hakututuma mbele.

Alikuwa sokoni Konyokonyo, ng'ambo ya mto, na meza yake ya nyanya. Milio ya bunduki ilianza upande wa magharibi wa mji. Nilikuwa nyumbani kwa sababu ghala lilifungwa siku ile. Nikafungua shajara kwenye ule ukurasa, nikafuata kila mstari kama mtu anayepika kwa kusoma maelezo. Kabla saa moja haijaisha tulikuwa njiani. Uliniuliza, "Mama?" Nikasema, "Mama anakuja nyuma, ndivyo tulivyopanga." Nikafunga lango kwa waya, nikaingia porini.

Daraja halikufungwa mpaka giza lilipoingia. Ningengoja mpaka jua kuzama tu, ningemwona akija katikati ya mamia ya watu, amebeba beseni lake kichwani.

Sisi tulizunguka porini siku sita, kwa sababu mpango wangu haukuruhusu kukaribia barabara. Yeye alilala peke yake nyumbani usiku mbili, kisha majirani wakamchukua juu ya lori la magunia matupu, kwa barabara kuu ile ile niliyoiogopa, wakafika mpakani siku iliyofuata. Tulipotokeza kwenye majani tulimkuta amesimama karibu na kizuizi, macho kwenye njia. Alikuwa amesimama pale kila siku tangu afike. Alikupokea kutoka mgongoni mwangu, akakunusa shingo, akakupapasa miguu yote miwili. Kisha akanitazama.

"Baiskeli haina pancha?"

"Haina," nikasema.

"Hongera."

Akacheka, nami nikadhani kicheko kile ni msamaha. Jioni ile nikaandika kwenye shajara: "Tumefika wote. Baiskeli nzima." Baada ya hapo yeye ndiye aliyekuambia wewe kwamba alibaki kufunga nyumba. Alinikuta na uongo, akaushonea mkono wa pili ili niweze kuuvaa.

Uliposema Jumanne kwamba wewe hukimbii, nilishindwa kulala. Jumatano nikaitoa shajara ya mwaka ule kwenye sanduku la bati nikatafuta ukurasa wangu. Uko vile vile, wino haujafifia. Maji. Unga. Chumvi. Dawa ya malaria. Tyubu mbili. Pampu. Gundi. Poni. Nilisoma mpaka chini, nikageuza ukurasa kuona kama orodha inaendelea nyuma. Haiendelei. Mama yako hayumo. Kwa miaka mingi nilikuwa nikijiambia kwamba nilipoandika nilimwona yeye ndiye atakayefunga vitu vyote hivyo, na mtu anayefunga mzigo hajiandiki ndani ya mzigo. Lakini tyubu niliziandika mbili.

Jana asubuhi, wewe ukiwa sokoni, niliitoa ile nyembamba yako. Niliijaza upepo mpaka tairi likawa gumu kama mfupa, nikashika barabara ya Nimule, ile kuu iendayo mpakani. Nilijiambia nakwenda kutafuta kasoro yake, nije nikutajie. Miaka mingi sijakaa juu ya kitu chepesi hivyo. Nilipita malori yaliyolala, nikapita vibanda vya mwisho, halafu ikabaki lami na ukungu mwembamba uliolala juu ya majani, na mlio wa matairi kama mtu anayepasua hariri pole pole. Sikuwa na hakika kama naenda mbele au nchi ndiyo inarudi nyuma.

Nikaona kitu cha ajabu. Kila kijia kilichotoka barabarani kuingia porini, shingo yangu iligeuka yenyewe kukitazama. Kijia cha kushoto, kijia cha kulia. Mwili ulikuwa unapima: pale mtu anaweza kuingia, pale anaweza kujificha. Nimefanya hivyo kila siku kwa miaka kumi, kazini na kurudi, bila kujijua. Lakini na matairi yale membamba nisingeweza kuingia hata kimoja. Baada ya muda shingo ikachoka. Nikaanza kuwaona watu. Mzee mmoja alikuwa anatembea na kiti kichwani, mama mmoja anamwogesha mtoto ndani ya beseni kando ya barabara, na wote wawili waliniinulia mkono. Baiskeli ile haina mahali pa kupita ila pale wanapopita wengine.

Nesitu nikasimama kunywa maji. Vijana wa bodaboda walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakisubiri abiria.

"Mzee, hiyo tairi yako iko na njaa!" mmoja akaniita.

"Wacha yeye," mwenzake akasema. "Mzee iko naenda Olimpiki. Mzee, wewe iko namba ngapi?"

"Namba ya mwisho," nikajibu. "Lakini nimefika."

Wakanicheka, wakanisogezea kiti cha plastiki. Tulizungumza pale mpaka jua likapanda. Nimepita Nesitu kwa vijia vya nyuma mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na ile ilikuwa mara ya kwanza kukaa kwenye kiti chake.

Niliporudi, magoti yakiniuma, mama yako alikuwa anachambua mchicha. Nikakaa. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: "Siku ile, ulipofika nyumbani, ulikuta nini?"

Hakuuliza siku ipi. Aliendelea kuchambua.

"Nilikuta waya kwenye lango," akasema. "Uliufunga vizuri, Baba Poni. Ulinichukua muda kuufungua. Nikadhani mmekwenda kwa jirani mara moja. Nikawasha jiko. Nikapika chakula cha watu watatu."

"Ukala?"

"Nilimpa mbwa."

Nikamwambia anisamehe. Akaweka mchicha chini. "Kuomba unajua, hata kanisani unaomba kila wiki," akasema. "Mimi nilikuwa nangoja uulize." Kisha akanisukuma goti kwa kiganja. "Sasa mwambie mtoto. Usimwache aondoke na baba wa kwenye insha. Na toka kwenye hicho kiti, nataka kufagia."

Kwa hiyo nakuambia. Sijui kama utanikasirikia. Una haki, na Eldoret ni mbali vya kutosha kukasirika kwa nafasi. Insha yako usiichome. Majani yalikuwa marefu kweli, na moyo wangu ulipiga kama ulivyousikia, ila haukuwa injini. Ilikuwa hofu, nawe ukalala juu yake ukaota vizuri. Kama kuna kitu kizuri nilichokupa safari ile, ni hicho, na nilikupa bila kujua.

Kuhusu baiskeli, nitakwambia ninachokijua, kisha nitanyamaza. Ile nyembamba ina kasoro zake, nami jana nilizikuta nilizozitafuta. Breki zake zinateleza zikilowa, na Kiprono anasema kwao huko mvua hunyesha mchana karibu kila siku ya msimu. Haina karia, kwa hiyo vitabu utavibeba mgongoni. Kipande kidogo cha chupa kinaitosha. Ya mlima itakuvumilia hayo yote, lakini itakuchosha kila siku kwa ajili ya tope la siku moja, na kilima cha kurudi nyumbani jioni utakipanda ukiivuta kama unavuta kitanda. Kuna wanaoihitaji kweli. Kama njia ya chuoni ina kipande kibovu ambacho hakuna aliyekuambia, utakijua wiki ya kwanza, na hutakufa kwa kuibeba ile nyembamba begani mara mbili tatu. Mimi nilibeba msimu mzima, nikacheka na wanawake wa pampu, na nikitazama nyuma, ule haukuwa msimu mbaya. Mbaya ulianza nilipopata baiskeli isiyohitaji mtu yeyote.

Nimezifanyia zote mbili matengenezo leo baada ya ibada. Nimetia mafuta minyororo, nimekaza spoku, nimebadilisha mpira wa breki kwenye ile nyembamba ili angalau ishike. Ikibaki yoyote, nitakwenda nayo kazini. Sikufanya hivyo ili kukuonyesha ninayoitaka. Nakiri kwamba mkono wangu bado unaipenda ile pana, na ukiniamsha ghafla usingizini na kuniuliza, nitakujibu kwa hofu kabla sijakujibu kwa akili. Basi usiniulize.

Kesho Kiprono atafungua nyuma ya lori na kuuliza ni ipi apandishe. Atauliza akinitazama mimi, kwa sababu ndivyo watu walivyozoea katika nyumba hii. Sitasema neno. Mjibu wewe. Iwe hii au ile, nitaishika upande mmoja na yeye upande mwingine, tutaipandisha na kuifunga kamba. Halafu nitashuka nikasimame karibu na mama yako, na hapo ndipo utakaponiona lori likigeuka kuingia barabarani.

Nasikia sauti zenu langoni. Mama yako anakucheka jambo fulani.

Ni mimi baba yako, ninayekupenda na sasa unayenijua.